Masenge Anatafuta Mto Unaokwenda

Mwezi uliopita nilishuka Mwanza kwa shughuli zangu zisizo na kichwa wala miguu, nikapita sokoni, nikajikuta nimesimama darajani juu ya Mto Mirongo. Sikupanga kusimama. Harufu ndiyo iliyonishika: dagaa wakavu, magunia mapya, na chini yake maji ya matope. Watu wakawa wananisukuma na mizigo yao. Mmoja akaniambia, "Mama, sogea basi, barabara siyo sebule." Nikasogea kidogo, lakini sikuondoka. Rafiki yangu unayesoma, pale ndipo nilipompata baba yangu kwa mara ya pili, na sijui kama kuna mtu mwingine aliye hai anayelijua jambo hilo. Acha nikusimulie.

Nilikuwa na miaka kumi, pengine kumi na mmoja. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara iendayo Biharamulo, nyumba zimepangwa kwa mistari kama madawati. Kwetu hasa kulikuwa mlimani Ngara, juu ya Mto Ruvubu, mahali ambapo ukikaa kumenya ndizi unausikia mto ukipita chini kama mtu anayejisemea. Kijiji kipya hakikuwa na mto. Kilikuwa na kisima cha pampu iliyolia kwa kila mkono uliobonyezwa, na sisi watoto tulipanga foleni na vibuyu vyetu tangu kabla ya jua. Asubuhi waligonga ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini, watu wakaenda shamba la kijiji. Sabuni katika duka la ushirika ilikuwa habari tu, si kitu. Tulifua kwa majivu ya maganda ya ndizi, na mpaka leo nikisikia ukali wa majivu hayo mikononi nakumbuka mgongo wa mama yangu umeinama juu ya beseni.

Vita ya mpakani ilipoanza, baba alichukuliwa pamoja na mgambo wengine. Tulitoa maharage na mihogo mikavu kwa ajili ya askari. Mwalimu alikuwa na redio, na jioni wanaume waliobaki walikaa uwanjani kwake wakiisikiliza. Kisha vita ikaisha, malori yakapita barabarani yakiwa na matawi mabichi mbele, watu wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mmoja mmoja wanaume wakarudi. Baba hakurudi.

Aliyetuletea habari zake ni jirani aliyekuwa naye huko. Alikataa kukaa kwenye kigoda, akasema akiwa amesimama: alipigwa risasi ya mguu, akalazwa Mwanza, akapona, sasa anashona magunia sokoni. "Amesema msimsubiri," jirani akamalizia, huku akiitazama miguu ya mama.

Mama hakulia. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, akaendelea kumtikisa. Aliyenyanyuka ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Kwetu shangazi ni masenge, na masenge ana kazi zake ambazo hata mama mzazi hazigusi. Mojawapo ni hii: mwanamume aliyetoka vitani haingii ndani kwake, wala hali chungu kimoja na watoto, mpaka dada yake amwogeshe katika maji yanayokwenda. Anaingia mtoni upande mmoja. Mtoto wake anasimama ng'ambo na kumwita. Akiitika, anavukia kwa yule mtoto, na alichokibeba kinachukuliwa na maji. Asipoitika, hakuna wa kumvuta.

"Anaogopa kutuletea mambo ya huko," masenge alisema. "Basi kama haji mtoni, mto utamfuata."

Mwenyekiti wa kijiji alipopata habari alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, lakini alipenda kuongea kama yuko mbele ya mkutano.

"Ndugu, hayo ni mambo ya kizamani. Taifa linajenga. Na huu ni wakati wa kuvuna."

"Jengeni, mwenyekiti," masenge akamjibu. "Vuneni na langu. Mimi na huyu mtoto wake tunaenda kumchukua kaka yangu."

"Na mtoto wa shule unamtoa kwa ruhusa ya nani?"

"Ya baba yake. Twende ukamwulize."

Mwenyekiti akacheka bila kutaka, na mtu akishacheka hawezi tena kukataza.

Masenge alifunga unga wa mtama, ndizi za kuchoma, na majani ya mwishwa, ule mmea unaotambaa kwenye ua, akayafunga kwa jani bichi la mgomba ili yasinyauke. Magari yalikuwa machache, mafuta yalikuwa yamekwenda vitani. Tulipata lori pale panapoitwa Benaco siku hizi, likatuacha Biharamulo, na huko tukangoja mpaka lori la pamba likatuonea huruma. Nililala juu ya pamba, nikatazama anga likitetemeka, na nadhani hapo ndipo nilipoharibika. Nilijua sitakaa tena mahali pamoja. Masenge yeye alishika kifurushi chake kifuani njia nzima, hata kwenye kivuko cha Busisi, na kila mara akiyamwagia majani yake maji kidogo.

Mwanza tulipoliona ziwa kwa karibu, masenge akafurahi. "Maji haya yote, na sisi tulikuwa na wasiwasi!" Alikuwa mtu wa milimani. Maji aliyoyajua yote yalikuwa na safari. Akachuma jani la nyasi, akalitupa majini, akasubiri lionyeshe njia. Jani likaenda kidogo, likarudi miguuni kwake. Akalitupa tena mbali zaidi. Likarudi. Akaniangalia kama mtu aliyedanganywa dukani.

"Haya hayaendi," akasema. "Ukitupa kitu hapa kinakurudia."

Mama mmoja wa Kisukuma alikuwa akianika dagaa kwenye mwamba. Masenge akamwendea. "Ndugu, mto uko wapi hapa?"

"Mayu, mama yangu, mto wa nini na ziwa lote hili? Unataka kunywa mpaka umalize?"

"Nataka unaokwenda."

Yule mama akacheka mpaka akashika kiuno. Lakini alipoelezwa, kicheko kikakatika katikati. Akakung'uta mikono. "Uko mmoja, unapita mjini kwenye biashara za watu. Mchafu kidogo. Lakini kwenda, unakwenda. Hakuna anayeweza kuuzuia." Akaacha dagaa wake kwa mwenzake, akatutangulia.

Sokoni, kando ya mto huo, tulimkuta baba amekaa kwenye rundo la magunia, sindano ndefu mkononi, mguu mmoja ameunyoosha. Nilisema, "Shikamoo, baba." Akasema, "Marahaba," akarudisha mkono wake nyuma kabla sijaugusa. Nilifikiri amenisahau.

"Dada, si nilisema msinisubiri?"

"Hukuniambia mimi. Ulimtuma mtu."

"Nyumbani sirudi. Nilivyoviona huko sitaki kuviingiza kwa watoto."

"Ndiyo maana tutaviacha hapa hapa. Simama."

"Hapa? Sokoni? Watu wote hawa?"

"Kwani vitani mlikuwa wawili?"

Hakuinuka. Akaendelea kushona. Masenge naye akakaa kwenye gunia mbele yake, kifurushi mapajani, akamtazama kila mshono. Wateja wakaja wakaondoka. Jua likapita juu yetu. Mwenye magunia akauliza kama yule mwanamke amekuja kununua au kulinda. "Kulinda," masenge akajibu. Mwishowe uzi ukaisha kwenye sindano ya baba, na hakutia mwingine. Akakaa ameishika tu. Kisha akaichomeka kwenye gunia, akanyanyuka.

Mirongo wakati ule haukuwa na kuta kama sasa. Ulikuwa kijito cha kahawia, maji hayafiki magotini, huku wanafua, kule wachukuzi wanaosha mikokoteni. Masenge alinivusha, akaniweka ng'ambo juu ya jiwe, akaniambia nisishuke, nisipunge mkono, niite tu. Akarudi, akamwingiza baba majini na kaptula yake, akaanza kumsugua mgongo kwa mwishwa, akinena maneno ya nyumbani ambayo sikuyasikia kwa kelele za soko.

Mchukuzi mmoja akapaza sauti, "Ndugu, mkeo anakubatiza?"

"Mimi dada yake," masenge akasema bila kugeuka. "Na wewe ngoja zamu yako, unanuka mpaka huku."

Watu wakaangua kicheko. Wakaja wengine kuona. Mama wa dagaa akasimama kati yao, mikono kiunoni, kama aliyewekwa kulinda mlango. Masenge akanigeukia na kuniashiria kwa kichwa.

"Baba!" nikaita.

Alikuwa ameinamia maji. Hakuitika.

"Baba!"

Aliyatazama maji tu. Watu wakaanza kunyamaza, kwanza waliokuwa karibu, halafu waliokuwa nyuma. Niliona wazi kwamba nikishindwa, tutapanda lori la pamba wawili kama tulivyokuja, na mama atauliza, na mimi ndiye nitakayejibu. Nikavuta pumzi mpaka tumboni.

"Baba! Twende nyumbani!"

Mama wa dagaa akashindwa kuvumilia. "We baba, unaitwa! Huna masikio?" Na yule yule mchukuzi aliyetudhihaki akadakia, "Itika, ndugu yangu. Mtoto anakuita, itika."

Baba akainua uso. "Naam, mama," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu nilipozaliwa, mama. Akavuka kwa kuchechemea, akipima kila jiwe, majani ya mwishwa yakipita kando ya miguu yake kwenda ziwani. Aliponifikia akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, na mikono ilikuwa ya baridi, na sikutaka aitoe. Mama wa dagaa akatuazima sufuria na moto. Tukala ugali wa mtama katika sahani moja, na baba akamega wa kwanza.

Alirudi nyumbani. Alichechemea miaka yote, hakuwahi kusimulia vita, lakini alikula nasi chungu kimoja mpaka alipofariki. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa. Darasa la tano sikulimaliza. Niliondoka na malori, nikauza nguo kuukuu, nikapika migodini, nikazunguka ziwa lote, kwa sababu tu nilitaka kujua barabara inayofuata inaishia wapi.

Kijiji chetu cha ujamaa sasa ni mistari ya miarobaini tu, watu wamerudi milimani kwao. Pampu imebaki bomba lenye kutu. Masenge amelala kwenye migomba ya kwao, na hakuna aliyeirithi kazi yake. Nimeuliza Mugoma, nimeuliza Bukiriro, vijiji vya kwetu Ngara. Wazee wanakumbuka, vijana wananitazama kama naomba dawa. Mirongo wenyewe wameujengea kuta za zege, unapita chini na chupa za plastiki, na kijana anayeuza makava ya simu pale darajani aliponiona nauinamia aliniuliza kama nimeangusha kitu mtaroni. Nikamwambia huo si mtaro, kijana, huo ni mto.

Mlimani kwetu kuna mtoto wa jirani aliyerudi mwaka jana kutoka kulinda amani nchi za watu. Amejijengea kibanda nje ya nyumba ya mama yake, anakula peke yake, binti yake akimkaribia, yeye anajifungia ndani. Mashangazi zake wako Dar es Salaam, wanatuma salamu. Mimi siyo damu yake na sijui maneno yote aliyonena masenge. Lakini nimerudi Ngara, mwishwa umejaa kwenye ua wangu, na Ruvubu haujaacha kwenda. Jana nilikaa na mama yake, akakubali tumpeleke mtoni. Leo asubuhi nimekaa na yule binti, nikamfundisha mahali pa kusimama.