Sanda ya Pius

Ilikuwa Novemba, mwaka wa arobaini na nne. Siku hiyo, kwenye mlima mmoja wa Burma ambao jina lake hatukuambiwa, nilimpoteza Pius, na kabla ya jua kuzama nikapoteza hata sanda niliyomvika. Ni zaidi ya miaka hamsini sasa. Naikumbuka siku hiyo kila nitokapo makaburini, mwanangu, na juzi tumetoka makaburini mimi na wewe. Kaa hapa karibu.

Tulikuwa askari wa Mwingereza, tunapigana na Wajapani. Pius alikuwa Mfipa aliyelelewa Karema, kwenye misheni. Mimi Mkonongo wa huku huku Mpanda. Tuliandikishwa pamoja, tukalala hema moja. Alfajiri ile aliteremka kijitoni kutujazia maji, risasi ikampata shingoni. Nilimvuta mpaka kwenye handaki letu. Watu hupenda kusema marehemu aliacha neno. Pius hakuacha neno.

Nilikuwa na kitambaa cheupe cha mwavuli, ile miavuli ambayo ndege zilitudondoshea chakula. Nilikitunza nije nishone shati nikirudi nyumbani. Nikamfunga nacho toka kichwani hadi miguuni, taratibu, kama nilivyowaona wazee wakifanya kwetu.

Wajapani walikuwa juu ya mlima, sisi chini yao, karibu kiasi cha kuwasikia wakikohoa. Bombomu lao, ile bunduki inayotapika risasi bila kupumzika, halikuturuhusu kuinua kichwa. Ndege zetu zilikuwa zije kuwapiga. Lakini rubani akiwa juu ya msitu haoni askari, anaona miti tu. Kwa hiyo ilitupasa kutandaza vitambaa vyeupe mbele yetu, kumwambia: hawa ni watu wako, piga ng'ambo ya hapa. Vitambaa hivyo vilikuwa kwa askari mmoja, na kombora lilikuwa limemuunguza yeye na mzigo wake.

Tukazisikia ndege. Ya kwanza ikapita chini, ikazunguka, ikaangusha bomu. Halikuwaangukia Wajapani. Lilianguka nyuma yetu, karibu na majeruhi, na udongo ukatumwagikia vichwani.

"Wanatudhania sisi ndio adui!" mtu akapiga kelele.

Koplo Maganga akaja akitambaa kwa tumbo. Alikuwa Mnyamwezi, mtu mzima kuliko sisi wote, naye na Pius walikuwa watani. Safari nzima melini walitukanana na kucheka mpaka wengine tukakosa usingizi.

"Lete hiyo nguo."

"Afande, hii ni sanda."

"Naona. Lete."

Nikalala juu ya maiti. Nikamwambia kama anaitaka anipige risasi kwanza. Ngurumo ya ndege ilikuwa inarudi. Koplo hakunigusa. Aliinama mpaka sikioni kwa Pius.

"We Mfipa! Hata kufa umekufa, bado unalalia nguo za wenzio? Karema yote hakuna mvivu kama wewe. Geuka huko! Mimi mtani wako, nikikuvua nguo hunishtaki popote."

Kisha akanitazama. "Na wewe, sanda ni ya kusitiri. Huyu risasi imeshamalizana naye. Wa kusitiriwa leo ni wale majeruhi wanaolia. Shika pembe hiyo."

Unajua, mwanangu, mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kumkejeli marehemu, hata kujilaza kaburini, na wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Nikajiondoa juu ya maiti. Mimi nisingeweza kumvua Pius. Mtani wake aliweza.

Tukakipasua kwa kisu, tukatoka handakini. Nilitandaza huku uso wangu ukigusa udongo, nikikandamiza pembe kwa mawe, risasi zikikata majani juu ya mgongo. Kipande kimoja kilikuwa na damu. "Kigeuze," Koplo akasema. Nikakigeuza. Upande wa pili nao ulikuwa na damu. Nikakitandaza hivyo hivyo.

Ndege ikashuka. Nilifumba macho. Bomu likaanguka juu, kwa Wajapani, kisha jingine, kisha jingine. Kama rubani aliviona vitambaa vyetu au aligundua mwenyewe, sijui, na sitakudanganya.

Baada ya hapo tukapanda mlima na singe, vile visu vya mbele ya bunduki. Ya huko juu siyasimulii. Wenzetu wengi walibaki kule, na Wajapani nao; walikuwa vijana kama sisi, wamekonda kwa njaa.

Jioni tulimzika Pius na magwanda yake yenye matope. Vitambaa tuliamriwa tuvibebe, maana kesho kulikuwa na mlima mwingine. Nilimfunika uso kwa majani ya mianzi. Koplo akatupa udongo wa kwanza akasema, "Haya, lala. Hakuna wa kukuamsha tena." Kisha akaenda pembeni akalia kwa sauti, kama mtoto.

Juzi tulipomzika baba yako, yule mdogo wangu, ulimpokonya mama yako blanketi alilokuwa amelibakiza la kumfunika mdogo wako, ukasema baba hawezi kwenda na baridi. Mdogo wako anakohoa, na usiku wa Julai hapa Litapunga unaujua. Sikukusema mbele za watu. Uliumia, na mimi pia niliumia. Blanketi limeshafukiwa, hatutalifukua. Lakini nisikilize. Ukizika, mlilie marehemu, mwombee, mpe heshima yake yote. Usimvue aliye hai ili umfunike asiyesikia tena baridi. Ukishindwa kuamua, tazama ni nani bado anatetemeka, uanze na huyo. Na akitokea mtu wa kukukemea katikati ya uchungu, usimfukuze.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe nyumba yenye watu, na akujalie uzee. Mama yako bado hajaenda shamba. Nenda kamwombe radhi.