Pindo la Vidole Vinne

Mama Pindo alipandwa na hasira asubuhi ile, na alikuwa na haki. Meneja mpya wa karakana ya sare za shule alipita katikati ya cherehani akatoa amri: kuanzia leo pindo liwe la kidole kimoja, basi. Nguo ikimfupikia mtoto, mzazi anunue nyingine.

Kidole kimoja! Miaka yote mama huyu alikunja pindo la vidole vinne, ili mtoto akirefuka nguo ishushwe kidogo, avae tena mwaka mwingine. Hakuna aliyemtuma. Na anayemkataza, jamani, ni nani? Mtoto wa yule mjane aliyekuwa akifagia karakana hiyohiyo! Asante ya punda ni mateke.

Aligoma, akaambiwa basi akusanye vyake. Akafunga mkasi wake kwenye kitambaa, akaingia ofisini bila hodi.

"Kaptula uliyoanzia darasa la kwanza uliivaa mpaka la nne," alisema. "Nani alikuwa anakushushia?"

"Wewe, mama."

"Sasa watoto wa wenzio watembee uchi?"

Meneja aliinamia meza. "Ukishusha, alama ya pindo la zamani ilikuwa inabaki. Kila mwaka mstari mpya. Shule nzima waliniita Ngazi."

Jina hilo Mama Pindo hakuwahi kulisikia. Hasira alikuwa nazo bado, ila sasa hakujua azimwage wapi. Wanasema tenda wema uende zako. Yeye hakwenda popote, alikuwa palepale kwenye cherehani akijisifu moyoni, na mtoto anachekwa.

"Na wewe ulikuwa bubu? Ungesema, ningekushonea utepe juu yake. Kazi ya dakika moja!"

"Mama yangu alinikataza. Alisema tukilalamika, hutatushushia tena."

Hapo Mama Pindo alitoka ofisini. Alirudi kwenye cherehani yake, akafungua mkasi, akakunja vidole vinne na kukanyaga pedali kama anayemkanyaga mtu. Hakuna aliyemzuia.

Mchana Meneja alikuja na bunda la utepe, akaliweka mbele yake. Mama Pindo aliligeuzageuza, akasonya.

"Rangi gani hii? Utepe utaonekana tu. Rudisha, ulete inayofanana na kaptula."

Meneja akalichukua, akarudi dukani.