Masikio ya Basili

Mpaka leo mtu akimwita baba yangu kiziwi, damu inanichemka. Basili wa Uru alilisikiliza bomba la maji la kijiji chetu miaka kumi na tisa, na sikumbuki shimo hata moja alilolichimba bure.

Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali maji yanapovuja chini ya ardhi. Alikuwa na kipande cha nondo. Ncha moja aliiweka kwenye koki, nyingine aliigandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Bomba la zamani lilikuwa la chuma, na chuma kinaipeleka sauti mbali. Bomba likitoboka karibu na shule, aliyasikia maji akiwa koki ya kanisani, kama uji unaotokota chumba cha pili. Akisogea koki nyingine na sauti ikizidi, alijua yuko njiani.

Mwaka 1996 mradi wa maji ukakabidhiwa kampuni binafsi. Enzi zile kila kitu kilikabidhiwa watu binafsi, na kila aliyekuja alikuja na neno "kisasa". Waling'oa chuma, wakalaza plastiki nyeusi. Miezi mitatu baadaye maji yakaanza kupotea. Injinia wao, Filemon, kijana wa Bomang'ombe mwenye viatu visivyojua tope, akamwita baba mbele ya watu asikilize.

Baba alijaribu koki tatu. Akasema, "Sisikii kitu."

"Mzee, si useme tu masikio yamechoka?"

Watu wakacheka. Watu haohao aliowahangaikia! Baba akajaribu kueleza kwamba plastiki ni laini, inaimeza sauti kabla haijafika popote. Filemon hakutaka kufundishwa na mtu wa darasa la nne. Wiki iliyofuata ikaja barua: amepunguzwa kazini kwa sababu ya usikivu hafifu. Hakuna daktari aliyempima. Niliisoma nikatamani kuitafuna.

Nyumbani ndiko kulikoniuma zaidi. Mama alianza kupaza sauti akiongea naye. Baba mwenyewe akawa anajipima jikoni, anagonga sufuria, anagonga dumu la plastiki, anarudia sufuria, uso umemkunjamana. Walimfanya mtu mzima ayaogope masikio yake!

Kisha maji yakatokeza chini ya jiko la Mektrida, jirani yetu mjane, ukuta wake wa udongo ukaanza kulainika. Mafundi wa Filemon walichimba mashimo sita kihambani kwake, shamba linaloizunguka nyumba, wakamkatia migomba, wasione kitu. Mektrida akaja kwetu analia, akamwita baba kwa jina la heshima tunalowaitia wazee.

"Meku, sijali wamekuandikia nini. Njoo, jiko linaanguka."

Nilimwambia baba asiende, kampuni ijue yenyewe. Akachukua nondo, akatoka.

Safari hii hakuhangaika na koki. Alifuata mstari wa bomba kuelekea mlimani, kila hatua mbili anaizamisha nondo taratibu mpaka iguse plastiki, anapiga magoti, anasikiliza. Kama sauti haifiki mbali, basi yeye ataifuata iliko. Alianza asubuhi. Saa tisa alasiri, mlimani, mbali na jiko la Mektrida ambako maji yalikuwa yakiteremkia chini kwa chini, akasema, "Hapa."

Filemon mwenyewe alikuwepo mafundi wake wakichimba. Maji yalimrukia kifuani, na safari hii waliocheka hawakumcheka baba.

Kijana yule anajua mila. Alichuma jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, akalifunga fundo, akampa baba kwa mikono miwili. Kwetu ukiletewa sale unasamehe, hata kama aliyekukosea alimwaga damu. Baba alilipokea.

"Kwa hiyo unakubali ninasikia?"

"Unasikia, mzee wangu. Nisamehe."

"Basi futa ile barua."

Filemon akatazama viatu vyake. "Barua imeshapelekwa juu, mzee. Nikiifuta, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Ndipo nilipoelewa alichokuja kuomba: msamaha wa kumrudisha yeye nyumbani na amani, na kumwacha baba kiziwi kwenye karatasi maisha yake yote. Nilitaka kumrukia. Mama alinishika kanga.

Kwetu sale halirudishwi. Sijawahi kuona, na wazee waliokuwepo wanasema hawajawahi kusikia. Baba aliushika mkono wa Filemon, akaufungua, akalirudisha humo, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja.