Maziwa ya Jirani Sikioni Mwangu

Sikio liliponiuma, jirani yangu anayenyonyesha alinikamulia maziwa yake humo, kama anavyowafanyia wanawe. Nami mtu mzima nikainamisha kichwa! Siku ya tatu nilinuka mpaka nikajichukia.

Kwenye famasi karibu na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, mfamasia alimulika sikio, akarudi nyuma akiziba pua.

"Mama, nani alikuwekea maziwa mu sikio? Iko inaoza!"

Akapangusa, akanionyesha pamba: usaha wa njano, umeganda kama mtindi. Akanipa dawa ya matone.

Nilipopona, jirani alikuja akitamba kwamba maziwa yake yameniponya. Nikamwonyesha kichupa cha matone. Akasonya, akasema hicho ndicho kilichonichelewesha kupona.