Bibi wa Kijapani na Kete Zangu

Jumamosi iliyopita, hapa London, dada yangu anayeishi Wembley alinipeleka kwenye maktaba ya mtaani kwao. Bibi mmoja wa Kijapani hufundisha pale mchezo wa go, ambamo wachezaji wawili hupanga kete nyeusi na nyeupe kwenye ubao wa mistari, kila mmoja akijaribu kuzingira nafasi kubwa kuliko mwenzake.

"Kaka yangu huyu, kwetu Unguja, ni fundi wa bao," dada alimwambia. "Hamwogopi mtu."

Bibi aliniinamishia kichwa, akanieleza kanuni, tukaanza. Baada ya saa moja nilikuwa nimefungwa vibaya, nikaanza kuzoa kete haraka haraka ili watu wasiione aibu yangu.

"Subiri," bibi akasema.

Akausafisha ubao, kisha akazipanga kete upya, moja moja, zake na zangu, kwa mfuatano uleule tuliocheza. Zilikuwa zaidi ya mia, na hakuwa ameandika popote.

"Subhanallah," dada akanong'ona.

Kidole cha bibi kikasimama juu ya kete yangu moja. "Hapa uliogopa."

Ni kweli. Nilitaka kushambulia, nikarudi kujilinda.

Akaendelea kupanga, akasimama tena. "Na hii ilikuwa nzuri sana. Ilinisumbua."

Nimebishana na watu wengi, nyumbani na ofisini, na wote walitoka wakikumbuka makosa yangu tu. Huyu alinifunga, kisha akanionyesha jema nililolifanya bila mwenyewe kujua. Nikamwomba anifunge tena.