Kopo la Njia Panda ya Chanika

Wapo watakaosema nimebuni. Waseme tu. Mke wangu Eliza yupo hai, nendeni mkamwombe aimbe.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, rafiki yangu Mkude alinunua pikapu ya mtumba, akafufua mchezo wake wa tangu skauti. Jumamosi anatangulia peke yake kuficha makopo ya maziwa kando ya barabara ya Chanika, kila moja penye mawe matatu. Jumapili, baada ya ibada, anatupakia kule Temeke twende tukayatafute. Ukilipata kopo unachukua kitu kimoja na kuacha chako: peremende, kifungo, basi upuuzi tu.

Eliza alikuwa mwimbishaji wa kwaya, na njia nzima aliimba. Nilimwoa kwa ajili ya sauti ile, sioni haya kusema.

Siku hiyo, penye njia panda, aliona mawe matatu na kopo juu yake. Akaruka kabla gari halijasimama sawasawa. Ndani mlikuwa na shanga nyeupe za mtoto, zimefungwa kitambaa chekundu. Akazivaa mkononi, akaacha kitana chake. Sote tulikuwa watu wa bara, nani angetuonya?

Nilipoinua macho, mwanamke alikuwa amesimama karibu yetu, amebeba mgongoni mtoto mkubwa wa kutembea. Alitokea wapi? Mihogo pande zote ilikuwa ya kufika magotini. Tukamwamkia. Akaitikia huku akitazama mkono wa Eliza.

"Umechukua. Na umeacha?"

"Nimeacha kitana, mama."

"Basi tumepeana. Ahsante, mwanangu. Huyu hajapata kutoa sauti tangu nimzae."

Akageuka kwenda zake. Ndipo yule mtoto alipoinua kichwa akaimba wimbo wa Eliza, kwa sauti ya Eliza, sauti ya mtu mzima. Niamini. Jua lilikuwa la saa nane na mwili wangu ulikuwa wa baridi. Hatukuwaona wakipotea, tuliona tu kwamba hawapo.

Eliza alifungua kinywa kuniita. Ikatoka pumzi tupu.

Mkude hakuwa ameshuka garini. "Mie hapa sikuweka kitu, shemeji," alimwambia Eliza. "Langu liko mbele, darajani."

Mama mwenye nyumba wetu, Bi Mwanaidi, Mzaramo wa hapo hapo, aliziona shanga akarudi nyuma. "Kafara hiyo. Mtu kaacha maradhi ya mwanawe njia panda, atakayeokota ndo yanamwingia. Nyie mmeokota, tena mkaacha na chenu?"

Kesho yake tulizirudisha. Tulikuta mawe tu, kopo na kitana havipo. Tulihangaika hospitali, tukaombewa, na baada ya miezi ukarudi mnong'ono. Haujapata kuwa zaidi ya hapo.

Miaka mingi baadaye tulipita Chanika. Uani kwa watu, msichana alikuwa anafua huku anaimba. Niliijua sauti kabla sijaona uso. Nilitaka kushuka nikamwulize kwa haki gani. Eliza alinishika shati, akasikiliza mpaka mwisho, machozi yanamtoka.

"Mwache," alininong'oneza. "Anaitunza."

Nawe ukikuta kopo limewekwa vizuri penye njia panda, hata kama linafanana na lenu kabisa, pita. Mke wangu anafua kimya hadi leo, na mimi huwa natoka nje nisiusikie ukimya ule.