Mgongo Usiotaka Kupumzika

Katika kikundi chetu cha mwethya mimi ndiye katibu, na kazi ya katibu ni kuandika majina ya waliochelewa. Mwethya ni desturi yetu Wakamba ya kulimiana: wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu, na majembe ishirini humaliza kwa asubuhi moja mtaro ambao mtu peke yake angeuchimba hadi mvua imkute ndani yake. Kikundi chetu kina sheria tatu. Kazi huanza saa kumi na mbili na nusu. Mwenye shamba ndiye hupiga jembe la kwanza, na kabla yake hakuna anayegusa udongo. Atakayechelewa mara tatu hufutwa, na shamba lake hutolewa kwenye orodha.

Kufikia mwisho wa Septemba nilikuwa nimejiandika mwenyewe mara mbili, kwa mwandiko mzuri.

Shamba letu lilikuwa la mwisho kwenye orodha. Liko mteremkoni, upande wa Tala, na chini yake kuna shamba la jirani yetu, mama wa umri wa mama yangu. Mwaka uliotangulia mvua ya Novemba iliteremsha udongo wetu pamoja na mbegu zetu, kunde tulizopanda sisi zikamea kwake. Alizivuna kimya. Siku moja alituletea bakuli la mboga, nasi tukamshukuru. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: nikifutwa, hakuna mitaro, na bila mitaro, mimi na mama tungepanda tena kwa ajili ya chungu cha jirani.

Shida yangu ilikuwa kuamka. Si usingizi, ni mwili. Maumivu yalianza nikiwa na miaka ishirini na tisa, nikishona suruali kiwandani Athi River. Yalikuja polepole, chini ya kiuno, leo tako la kulia, kesho la kushoto. Nililaumu kiti. Nikaacha kazi nikarudi nyumbani. Kiti kikabaki, maumivu nikaja nayo.

Muuza dawa mmoja aliniambia nilale wiki mbili nipumzishe mgongo. Mama akaongeza yake: alichukua mlango wa zamani wa banda la mbuzi akauweka chini ya godoro langu ili nilale nimenyooka. Nililala wiki mbili juu ya mlango nikiletewa supu. Siku ya kumi na nne niliamka nikitembea kama mtu aliyeuvaa ule mlango. Nikiitwa kutoka kando, nilikuwa sigeuzi shingo. Niligeuka mzima mzima, kama kabati.

Hatimaye nilifika kwa daktari wa viungo, mama mmoja mpole mjini Machakos. Aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Je, maumivu huniamsha kabla ya alfajiri? Ndiyo. Asubuhi ukakamavu hukaa muda gani? Zaidi ya saa nzima. Nikifanya kazi huzidi? Hapo niliona aibu kidogo. Nilimwambia hapana, nikifanya kazi ndipo hupungua.

"Na ukipumzika?"

"Ndipo nakufa, daktari."

Alicheka, akanipima damu, akanipiga picha za nyonga, kisha akanieleza. Hii ni aina ya baridi yabisi inayoshika uti wa mgongo. Haikuletwa na kiti wala baridi wala jembe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, hugeuka ikashambulia viungo vya mgongo, navyo vikavimba ndani. Visipotunzwa kwa miaka mingi vinaweza kushikana. Haiponi, lakini hutunzika. Alinipa vidonge vya kupunguza uvimbe, vya kunywa nikishakula, akanionya nisijiongezee vingine kutoka dukani. Akanipa mazoezi ya kila siku. Jicho likiwa jekundu na kuuma, nije siku hiyo hiyo, kwa kuwa ugonjwa huu hufika hata machoni. Nisikae mahali pamoja kwa muda mrefu, wala nisiiname muda mrefu. "Na ule mlango," alisema, "warudishie mbuzi."

Haya yote niliyaeleza kwenye mkutano wa kikundi, nikiwa nimesimama na daftari langu. Nilipomaliza, jirani yetu alinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi niko na swali. Huyu kijana asubuhi ni mgonjwa. Jioni nilimwona kwa harusi akicheza. Huo ni ugonjwa gani uko na saa?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Mwaitu," nilimwambia, kwa neno letu la kumheshimu mama, "nikicheza ndio napata nafuu."

"Basi na mimi nipewe huo ugonjwa! Mgongo wangu umeinama kwa jembe miaka arobaini. Nikilima unauma, nikilala unapoa. Huo ndio mgongo wa kweli. Wako ni wa uvivu."

Mwenyekiti, mjane mwenye sauti ya kengele ya shule, hakutaka kelele. Aliamua kwamba kesho yake yeye na jirani watakuja kwangu kabla ya jua kuchomoza, waone kwa macho yao mtu anavyoamka. Wakiridhika, nitabaki. Wasiporidhika, niandike jina langu mara ya tatu.

Walifika bado kuna giza. Mama aliwaingiza kwenye kijumba changu, akawapa viti viwili, wakakaa wakinitazama kitandani kama watu waliokuja kuona maiti na kumkuta anapumua.

"Endelea tu," alisema mwenyekiti, akitazama saa yake. "Fanya vile hufanya."

Kuamka kwangu kuna utaratibu. Kwanza nilijiviringisha ubavuni kama gogo. Nikapumzika. Kisha nikadondosha miguu chini, nikajisukuma kwa kiwiko, nikakaa. Nikapumzika tena. Halafu nikashika ukuta nikapanda nao, kiganja baada ya kiganja, huku jirani akihesabu kwa sauti ndogo. Nilipokuwa wima nilitembea kama mtu aliyebeba kichwani ndoo iliyojaa hadi ukingoni.

Nikaanza mazoezi: visigino ukutani, makalio ukutani, na kisogo kijaribu kugusa. Kisogo hakikugusa. Nikavuta pumzi nikatanua kifua. Nikajikunja upande huu, upande ule. Jua lilipotoka nilikuwa nalegea, na nilipomaliza kuzunguka boma mara kadhaa nilinyanyua mtungi wa maji kutoka kwa mama nikaupeleka jikoni bila shida.

"Si mnaona!" Jirani alisimama. "Saa hii alikuwa anakufa. Sasa anabeba maji! Mwenyekiti, andika."

Nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa anautazama mtungi. Niliona mitaro yetu ikitoka kwenye orodha, na kunde zikiteremka tena.

Ni mama aliyeokoa siku, na hakukusudia. Mgeni haondoki kwetu bila chai, na mwenye nyumba hasimami wageni wakiwa wameketi. Aliniketisha. Ikaja chai, vikaja viazi vitamu, ikaja habari ya mwenyekiti na ng'ombe wake aliyekataa dume, habari ndefu yenye mashahidi. Nilikaa kwa adabu. Nilijua kinachotokea mgongoni mwangu, lakini ningewezaje kumkatiza mwenyekiti katikati ya ng'ombe?

Walipoinuka kuaga, ilikuwa lazima niwasindikize. Nilijaribu kusimama. Nilifika nusu, nikabaki hapo, mikono magotini, macho kwenye vikombe.

"Anaigiza?" aliuliza mwenyekiti.

Jirani alikuja akanishika chini ya kwapa kunivuta. Akasikia jinsi nilivyokuwa mgumu, akaniachilia taratibu, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Ai! Huyu amekauka," alisema. Kisha, baada ya kufikiri: "Kwa hivyo wangu unaharibiwa na kazi, na wako unaharibiwa na chai?"

"Na kukaa, mwaitu."

"Hata usingizi?"

"Hasa usingizi."

Alitikisa kichwa. "Mungu amekunyima kila kitu kizuri."

Uamuzi ulitolewa wima, njiani. Mahali pa kuchimba mtaro hupimwa kwanza kwa kamba yenye pimamaji katikati, na mpimaji hupanda na kushuka mteremko siku nzima akichomeka vijiti. Hakuna aliyeipenda kazi hiyo kwa sababu haina nafasi ya kuketi. Nilipewa mimi. Ningepima mchana, siku moja kabla ya kikundi kuja, na ile mara mbili niliyojiandika kuchelewa ingefutwa. Mwenyekiti aliongeza sheria ya nne: katibu akionekana ameketi wakati wa uji, aandikwe.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye mwanachama pekee aliyekatazwa kupumzika.

Zamu yetu ilifika wiki moja kabla ya mvua. Saa kumi na mbili na nusu nilisikia majembe yakigongana nje, na minong'ono. Walikuwa wamekuja wote, lakini jembe la kwanza ni la mwenye shamba, na mama alikataa kunipokonya heshima hiyo. Nilikuwa bado kwenye ubavu.

"Amefika wapi?" iliuliza sauti ya mwenyekiti.

Jirani alikuwa mlangoni, akitangaza. "Ameviringika! Miguu iko chini! Sasa ako kwa kiwiko. Msimharakishe, hapo ndipo huvunjika. Ameshika ukuta!"

Watu ishirini walipiga makofi. Nilitoka na mlango wangu mgongoni, nikashuka polepole hadi kwenye kijiti cha kwanza, nikapiga jembe mara moja, wakaanza kurusha udongo juu.

Saa nne nilifungua daftari, nimesimama. Ukurasa wa waliochelewa niliuacha bila jina hata moja. Kazi ilikuwa haijaanza hadi nilipofika.

"Basi mwaka huu," alisema jirani, akiegemea jembe na kutazama ukingo mpya uliokuwa ukipanda kati ya shamba letu na lake, "kunde itabidi ninunue mbegu."